Kigoga kinachoning'inia: Pilotrichella na misitu ya mawingu

Ukipanda milima ya Uluguru kutokea Morogoro, ukafika kule juu ambako mawingu hukaa msituni siku nzima, unaona miti imevaa. Shina limefunikwa, tawi limefunikwa, na chini ya matawi zinaning'inia nyuzi za kijani zinazodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Sehemu kubwa ya vazi hilo ni vigoga.

Kigoga ni ule ujani mfupi, laini kama zulia, unaouona hata mjini kando ya bomba linalovuja au kwenye ukuta wa kisima. Ni mmea kamili: una majani na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Lakini hauna maua, hauna mbegu, na hauna mizizi ya kweli. Vinyweleo vyake vya chini kazi yake ni kushikilia tu. Wengi hukichanganya na kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe kimoja. Zile ndevu za kijivu kwenye miti ya Kilimanjaro, ambazo wapanda mlima hawachoki kuzipiga picha, kwa kawaida ni kuvumwani.

Kwa mfano tuchukue aina moja, Pilotrichella ampullacea, inayoota katika misitu ya milimani ya Afrika ya kitropiki, Uganda ikiwamo. Jina linatisha kidogo, ila neno la pili lina msaada: linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chupa. Kila jani la kigoga hiki, dogo kuliko punje ya mchele, limebonyea kama upawa, na majani yamelaliana kama magamba ya samaki. Mvua au ukungu ukipita, kila upawa unabaki na tone lake. Hivyo maji mengi ya kigoga hayamo ndani ya mwili wake, yamekaa nje, katikati ya majani, na uzito wa maji hayo huzidi uzito wa mmea mkavu mara nyingi.

Kinahitaji akiba hiyo kwa sababu hakina mahali pengine pa kupata maji. Mti una mizizi ardhini. Kigoga kinaning'inia hewani, na hunywa kwa mwili mzima. Jua likiwaka siku kadhaa hukauka, hujikunja, husimamisha shughuli zote, lakini hakifi. Ukungu ukirudi, hufunguka na kuanza tena kujitengenezea chakula.

Wapo wanaodhani vigoga vinaunyonya mti. Hapana. Kirukia ndicho hupenyeza mizizi yake ndani ya tawi na kuiba. Kigoga kimeomba mahali pa kukaa tu. Na anayekaa huyo ana wageni wake: utitiri, buibui, vyura wadogo, mbegu za okidi zinazochipua humo, na ndege wanaochota nyuzi zake kujengea viota.

Je, vigoga vina uzito gani msituni? Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alifanya kazi ya kupima hukohuko Uluguru na kuichapisha mwaka 1980. Katika msitu wa miti mifupi ya juu kabisa, alipata karibu tani 14 kwa hekta, uzito mkavu, za vigoga na mimea mingine iotayo juu ya miti. Mvua moja iliweza kuacha humo hadi lita 50,000 kwa hekta. Si yote hayo hufika mtoni, kwani mengine hurudi hewani kama mvuke. Yanayobaki hudondoka polepole, baada ya mvua kukatika, na udongo hupata muda wa kuyameza badala ya kusombwa nayo. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji, huanzia kwenye milima hiyo.

Kuhusu kuzaana, vigoga havitoi mbegu bali vumbi laini la spora, yaani chembe ndogo za uzazi, linalopeperushwa na upepo. Aina zinazoning'inia zina njia nyepesi zaidi: kipande hukatika, upepo hukirusha, kikinasa kwenye tawi la mti wa jirani huendelea kukua papo hapo. Mti wa jirani ukiwa umekatwa, kipande huanguka chini, kwenye giza na majani yanayooza, na huko hakidumu.