Dawa ya asili inayofanya kazi ndani ya nusu saa, itilie shaka

Soma maandishi kwenye vichupa na pakiti za dawa za nguvu za kiume zinazouzwa stendi, mitandaoni na hata mlangoni mwa baa. Karibu zote zina maneno mawili yanayofanana. La kwanza: "mitishamba asilia asilimia 100, haina madhara." La pili, kwa herufi ndogo chini yake: "tumia nusu saa kabla ya tendo." Mimi ni mfamasia wa hospitali, na hilo la pili ndilo linalonifanya nisiliamini la kwanza.

Sina ugomvi na tiba asili. Sehemu kubwa ya nguvu ya dawa ya mseto tunayowapa wagonjwa wa malaria chimbuko lake ni mmea wa huko China, na hapa kwetu Muhimbili pamekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu 1974. Ugomvi wangu ni na kidonge cha dukani kinachosagwa, kikachanganywa na unga wa mti, kisha mteja akaambiwa ni mizizi.

Tuanze na namna mwili unavyofanya kazi. Uume hausimami kwa ubavu wa misuli, unasimama kwa damu. Mwanamume anapopata hamu, neva hutoa kemikali iitwayo naitriki oksidi. Kemikali hiyo hulegeza mishipa ya damu ya uume, damu inaingia kwa wingi, na mishipa ya kuitoa inabanwa isiitoe. Kuna kimeng'enya, PDE5, ambacho kazi yake ni kuzima hali hiyo. Sildenafili, yaani kile kidonge cha buluu kiitwacho Viagra, hukizuia kimeng'enya hicho. Watafiti wa kampuni ya dawa ya Pfizer walioko Sandwich, Uingereza, walikuwa wanakijaribu kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, wakagundua kazi yake nyingine. Marekani ikakiidhinisha Machi 1998. Huanza kufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja. Ndugu yake, tadalafili, anaweza kukaa mwilini akifanya kazi hadi saa 36.

Sasa pima mwenyewe. Mtu anakuuzia unga wa mzizi, anakwambia subiri nusu saa, na kweli mambo yanakuwa hivyo, tena hadi kesho yake jioni. Hiyo ratiba si ya mzizi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya bidhaa za virutubisho ambazo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilizikuta na dawa za hospitali zilizofichwa ndani, kuanzia 2007 hadi 2016. Zilikuwa 776. Kati ya hizo, 353 zilikuwa za kuongeza nguvu za tendo, na sildenafili ndiyo iliyofichwa mara nyingi zaidi.

Na afadhali ingekuwa sildenafili peke yake. Singapore, kati ya Januari na Mei 2008, wanaume wasio na kisukari walianza kuletwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya. Hesabu ilifika wagonjwa 150. Saba walibaki bila fahamu na wanne kati yao wakafariki. Uchunguzi ulikuta glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari inayojulikana sana kwenye kliniki zetu za kisukari, ndani ya dawa haramu za nguvu za kiume, nyingi zikiuzwa kwa jina la mitishamba. Imefikaje humo? Anayesaga dawa stoo bila maabara hana namna ya kujua ametia nini.

Mzee mmoja alikuja dirishani kwangu na kadi ya kliniki ya kisukari. Baada ya kumpa metfomini yake, akainamia kioo na kutoa mfukoni mwa shati kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake unga wa kahawia.

"Mwanangu, hii naweza kunywa pamoja na hizi? Ni mizizi tu, haina kemikali."

"Inachukua muda gani, mzee?"

"Dakika ishirini. Na kesho yake bado ipo."

Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Akaingiza mkono mfuko ule ule na kutoa kichupa cha vidonge vya kuweka chini ya ulimi, kwa ajili ya kifua kinachombana akipanda mlima. Vidonge hivyo ni vya kundi la naitreti, na naitreti ikikutana na sildenafili presha inaweza kuporomoka ghafla kiasi cha kuua. Vyote viwili vilikuwa mfuko mmoja, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi nini kuhusu mimea yenyewe, isiyochanganywa na kitu? Majibu yanatofautiana. Mukombero, ule mzizi wenye harufu ya vanila unaotafunwa Kakamega na kuuzwa hadi Nairobi, ambao Waganda wanauita mulondo, umefanyiwa utafiti, lakini sehemu kubwa ya utafiti huo ni kwa panya. Kuutafuna si tatizo. Kuutegemea ndilo tatizo. Ginsengi ya Korea imejaribiwa kwa watu, na mapitio makubwa ya tafiti hizo yaliyotoka 2021 yaliona kuwa faida yake katika kusimamisha ni ndogo mno, pengine mtu asiihisi kabisa. Gome la yohimbe, mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni, lina kemikali yenye nguvu ya kweli, na hapo ndipo penye hatari: hupandisha presha, huufanya moyo uende mbio na kumtia mtu wasiwasi. Mwenye presha asiliguse.

Tikiti maji lina hoja kidogo. Lina sitrulini, ambayo mwili huigeuza kuwa malighafi ya naitriki oksidi. Mwaka 2011 watafiti wa Italia waliwapa wanaume 24 wenye tatizo dogo gramu 1.5 za sitrulini kila siku kwa mwezi, na nusu yao walipata nafuu. Walipopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, ni wawili tu waliopata. Lakini wanaume 24 ni wachache, na walipewa sitrulini iliyopimwa, si vipande vya tikiti. Kula tikiti kwa raha yako.

Supu ya pweza, karanga mbichi, mihogo mibichi na nazi ni chakula. Pweza ana protini na madini ya zinki, karanga zina mafuta mazuri, na mtu aliyeshiba vizuri baada ya kutwa nzima ya kazi hujisikia tofauti na mwenye njaa. Mimi mwenyewe supu ya pweza siiachi, ila siinywi kama dawa. Alkasusu inayouzwa usiku kwenye vijiwe vya kahawa kila mpishi ana mchanganyiko wake. Mwenye presha aulize kama mna mizizi ya likorisi, maana hiyo ikinywewa kila siku hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu.

Kuhusu vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi nagundua kuwa anayeuliza hana tatizo la kusimamisha. Anafika kileleni mapema kuliko anavyotaka. Wauzaji wanachanganya mambo matatu kwa makusudi: kukosa hamu, kushindwa kusimamisha na kuwahi kufika kileleni. Ni matatizo tofauti, yenye matibabu tofauti. Unga unaopakwa ukatia ganzi unaweza kumchelewesha mtu, lakini haumsaidii asiyesimamisha, tena humtia ganzi na mwenzake.

Kijana wa miaka 25 anayeamka asubuhi uume umesimama vizuri, lakini akiwa na mwenzi wake unagoma, kwa kawaida mishipa yake ni mizima. Kinachomsumbua mara nyingi ni hofu, uchovu, pombe, au maneno aliyosikia kijiweni kuhusu mabao. Kumpa unga ni kumfundisha kwamba bila unga hawezi. Mazungumzo na mshauri, na kuzungumza na mwenzi mwenyewe, humfikisha mbali zaidi.

Kwa mtu wa miaka 45 na kuendelea hali ni nyingine. Mishipa ya damu ya uume ina kipenyo cha milimita 1 hadi 2, ile ya moyo milimita 3 hadi 4. Mafuta, sukari na sigara vinapoanza kuharibu mishipa, ile myembamba huonyesha kwanza. Ndiyo maana tatizo la kusimamisha huweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Utafiti uliofanywa kliniki ya kisukari ya Muhimbili ulikuta zaidi ya nusu ya wanaume wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Wangapi walianza kwa kununua unga kabla hawajapimwa sukari? Anayefanikiwa kwa unga haendi kupima, na miaka hiyo michache ya kujiokoa inapita.

Njia za asili zenye ushahidi zipo, ila haziuziki kwenye kichupa. Huko Italia, wanaume 110 wanene wenye tatizo hili waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likasimamiwa kwa karibu kula vizuri na kufanya mazoezi. Baada ya miaka miwili, 17 kati ya 55 walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida, dhidi ya watatu wa kundi la pili. Kutembea kwa kasi dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita, kumeonekana kusaidia wenye kitambi, presha na magonjwa ya moyo. Kuacha sigara kunasaidia pia, na kupunguza pombe.

Zoezi ambalo wanaume wengi hawalijui ni la misuli ya sakafu ya nyonga. Kaa au lala chali. Bana kama unayezuia ushuzi, na kwa wakati huohuo kama unayekata mkojo katikati. Ukiangalia, uume unajivuta kidogo kuja ndani na korodani zinapanda. Usibane matako, usibane tumbo, usizuie pumzi. Shikilia kwa sekunde kadhaa, legeza, pumzika, rudia mpaka zifike kumi; fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Katika jaribio la Bristol, Uingereza, lililochapishwa 2005 likiwa na wanaume 55, asilimia 40 walirudi hali ya kawaida baada ya miezi sita, na theluthi nyingine walipata nafuu. Halina gharama, na unaweza kulifanya ukiwa ndani ya daladala bila jirani kujua.

Ukija hospitali tutapima presha, sukari, mafuta ya damu, na ikibidi homoni ya testosteroni, ambayo hupimwa asubuhi. Tutaangalia pia dawa zako, maana baadhi ya dawa za presha na za sonona zinachangia. Usiziache mwenyewe, daktari anaweza kuzibadilisha. Ukiamua kwenda kwa mganga, hakikisha yeye na dawa yake wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na umwambie dawa zote unazotumia.

Na kama tayari umeshatumia kitu usichokijua, mambo mawili ni ya dharura. Uume uliosimama zaidi ya saa nne haushuki ni wa kupelekwa hospitali usiku huohuo, kabla haujaharibika kabisa. Kifua kikibana, mwambie daktari au muuguzi wa kwanza utakayemkuta umekunywa nini na saa ngapi, kabla hujawekewa kidonge chini ya ulimi. Njoo na pakiti. Hakuna atakayekucheka, na hata akikucheka, mwambie tu.