Schlamm: maana na asili ya neno la Kijerumani la tope

Schlamm ni tope laini: chembe ndogo za udongo zilizoloa maji mengi hadi zikawa uji mzito. Hutamkwa "shlam", kwa a fupi. Zile m mbili zipo kuonyesha huo ufupi wa irabu tu. Ni nomino ya jinsi ya kiume, der Schlamm, na mafundi wanapotaja aina zake husema Schlämme.

Katika Kijerumani cha zama za kati liliandikwa slam. Baadaye s iliyotangulia l ikageuka kuwa sh, kama slange (nyoka) lilivyokuwa Schlange. Lahaja za kaskazini, karibu na bahari, hazikufuata mkondo huo: huko kulala bado ni slapen, si schlafen.

Kinachobainisha Schlamm ni udogo wa chembe, si uchafu. Kitenzi schlämmen ndicho kinacholiweka wazi jambo hili: unakoroga udongo ndani ya maji, unasubiri mchanga uzame, kisha unamimina maji yaliyobeba chembe laini ili zituame kwenye chombo kingine. Chaki iliyosafishwa hivyo huitwa Schlämmkreide. Katika maabara za udongo, Schlämmanalyse hupima chembe zilizo chini ya milimita 0.063, ambazo chekecheo hazizitenganishi vizuri. Hupimwa kwa kasi ya kuzama kwake, kubwa zikitangulia.

Ndiyo maana viwanda vimelishika neno hili. Klärschlamm ni tope linalobaki majitaka yakisafishwa. Rotschlamm ni masalia ya bauksiti, mwamba wenye madini ya alumini, baada ya kutolewa alumina (oksidi ya alumini), na wekundu wake ni oksidi ya chuma. Fäkalschlamm ndiyo ile ambayo Tanzania huitwa topekinyesi.

Tope la njiani baada ya mvua ni Matsch, neno la mazungumzo. Kuliandika kwenye ripoti ya mtambo wa majitaka kunachekesha. Schlick ni tope la baharini, lile linaloachwa wazi maji yakipwa kwenye Wattenmeer, pwani ya Bahari ya Kaskazini.

Wanasiasa wakichafuana majina, magazeti huandika Schlammschlacht, vita vya matope. Lakini Schlamassel, yaani balaa au mkorogano, halimo katika ukoo huu ingawa wengi hudhani limo. Limetoka Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, kwa kuunganisha neno la "baya" na neno la Kiebrania la bahati, na huandikwa kwa m moja.