Kwa nini karafuu ya dukani haioti?

Je, wajua kwamba karafuu unayotia kwenye pilau haitaota hata ukiizika kwenye udongo mzuri kuliko wote Pemba? Ile si mbegu. Ni ua lililochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani. Mbegu imo ndani ya tunda, na tunda halipatikani mpaka mwenye shamba akubali kuacha vishada kadhaa bila kuchuma. Ndiyo maana mti wa mbegu hutengwa mapema, wachumaji hawajaukwea.

Tunda lililoiva huwa la zambarau iliyokoza, ukubwa wa zeituni, na kwa kawaida lina mbegu moja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaianika kama mahindi, waiweke hadi mvua zije. Mbegu ya mkarafuu haivumilii kukauka. Ikipoteza maji yake, kiini kinakufa. Loweka matunda usiku mmoja, asubuhi yasugue mpaka nyama yote itoke, osha mbegu, kisha panda siku hiyohiyo. Ukishaimenya, hata wiki moja ni nyingi. Nyama ikibaki, huleta ukungu.

Ifukie kina cha sentimita 2 hivi, upande wa mzizi chini; usipoutambua, ilaze ubavu. Kitalu kiezekwe makuti, udongo uwe na unyevu daima lakini maji yasituame, maana mbegu huoza upesi. Machipukizi ya kwanza huonekana baada ya wiki mbili hivi, mengine huchelewa hadi wiki ya sita, kwa hiyo usikifukue kitalu kwa pupa.

Mzizi mkuu ni laini na hauponi ukikatika. Tumia viriba virefu, yaani mifuko ya kuoteshea miche, na mche uhamishwe na donge lake zima. Punguza makuti kidogo kidogo kabla ya kuupeleka shamba, mwanzoni mwa masika, mita 8 hadi 9 kati ya mti na mti. Migomba ya jirani huupa kivuli miaka ya mwanzo. Kagua mchwa mara kwa mara.

Na vipandikizi je? Kitawi ukikichomeka hukaa kibichi kwa muda, kikakudanganya. Kisha majani hupukutika na ukikichomoa hukuti hata mzizi mmoja. Bahati njema, ua la mkarafuu aghalabu hujichavusha lenyewe, hivyo miche ya mbegu hufanana sana na mama yao. Chagua basi mama mwenye afya, anayezaa vizuri kila msimu mkubwa, na usiokote tunda chini ya mti unaokauka matawi ya juu.