Skripti ya histogramu inapoanguka: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

ROOT ni programu ya kuchambua data ambayo René Brun na Fons Rademakers walianza kuiunda CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo fizikia ya chembe inaitegemea. Skripti ya kwanza ya karibu kila mtumiaji ni fupi: fungua faili, soma matukio (rekodi za migongano ya chembe), jaza histogramu (hesabu ya thamani ngapi zimeangukia kila fungu), chora. Kisha inaanguka, na ujumbe unasema imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Hapo ndipo ushauri usio sahihi huanza kuzunguka.

“Kosa liko kwenye mstari ilipoangukia.” Si lazima. Orodha ya funksheni inayochapishwa baada ya ajali inaonyesha mahali madhara yalipojitokeza tu. ROOT yenyewe husema kwa tahadhari kwamba mistari hiyo huenda ikadokeza chanzo. Tuseme umetenga safu yenye nafasi 100 za nishati za chembe katika kila tukio. Likija tukio lenye chembe 150, thamani 50 za ziada zinaandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani, na hakuna kinacholalamika papo hapo. Mistari kadhaa baadaye skripti inaita Fill, amri ya kujaza histogramu, kumbe pointa (anwani ya kumbukumbu) ya histogramu ilikuwa miongoni mwa vilivyoandikiwa juu. Fill inabeba lawama isiyo yake.

Hii pia ndiyo sababu kuongeza amri moja ya kuchapisha huweza kuifanya skripti ipite. Mpangilio wa kumbukumbu umebadilika na uharibifu umehamia pengine, hitilafu haijaondoka. Badala ya kubahatisha, uliza data: GetMaximum juu ya tawi (sehemu ya faili inayobeba kigezo kimoja cha kila tukio) linalohesabu chembe inakupa idadi kubwa kabisa iliyomo, uilinganishe na ukubwa wa safu yako. Endesha pia skripti kwa `.x skripti.C+g`, ili ikompailiwe (igeuzwe kuwa lugha ya mashine) pamoja na taarifa za mistari. Mara nyingi kompaila hukuonya kuhusu pointa ambayo haikupewa thamani ya kuanzia. Kwa tawi lenye vekta (orodha yenye urefu unaobadilika) hilo ni jambo zito, kwa kuwa pointa yake lazima ianze na nullptr, yaani bila anwani yoyote, kabla ya SetBranchAddress, amri inayoiunganisha na tawi.

“Nimeiunda histogramu kwa new, kwa hiyo ni yangu mpaka niifute.” Anayeijua vizuri C++ (lugha ya skripti hizi, ambamo new huunda kitu na delete hukifuta) ndiye anayeshika dhana hii kwa nguvu zaidi, maana mahali pengine ni sahihi. Katika ROOT, kwa kawaida histogramu hujiandikisha kwenye saraka iliyo wazi wakati inapoundwa. Ukifungua faili kwanza, kisha ukaunda histogramu, faili hilo ndilo mmiliki wake. Likifungwa, histogramu inafutwa pamoja nalo, na pointa uliyobaki nayo inaelekeza kwenye mahame. Mstari unaofuata unaoita Draw unaweza kuanguka, au, vibaya zaidi, ukapita leo na kuanguka kesho.

Mpangilio huohuo unaeleza ajali inayowashangaza wengi: kila kitu kimechapishwa, picha zimehifadhiwa, halafu skripti inaanguka mwishoni kabisa. Mara nyingi faili limefungwa, histogramu imefutwa, kisha delete yako inajaribu kuifuta mara ya pili. Tiba ni mstari mmoja, `h->SetDirectory(nullptr)`, unaowekwa kabla ya kufunga faili. Kuanzia hapo histogramu ni mali yako kweli, na kuifuta ni jukumu lako. Ningependa kila anayefundisha ROOT aanze na suala hili la umiliki kabla ya kufundisha rangi za grafu, kwa sababu wanafunzi wengi hukata tamaa hapa wakidhani hawana kipaji cha programu, ilhali hawakuambiwa kanuni.

Kutumia ROOT kupitia lugha ya Python hakukuepushi na haya. Funksheni inayofungua faili, ikachukua histogramu na kuirudisha, inakurudishia kitu kitupu: faili lilifungwa funksheni ilipomalizika.

“Faili limefunguka, basi histogramu imepatikana.” Get, amri ya kuchukua kitu kutoka kwenye faili kwa jina lake, ikikosa jina huleta pointa tupu bila kusimamisha chochote. Herufi moja kubwa badala ya ndogo inatosha. Kagua pointa kabla ya kuitumia. Tumia `ls()` kuona majina halisi yaliyomo.

“Data ni nyingi mno, kumbukumbu imejaa.” Histogramu haitunzi data, inatunza hesabu. TH1D (histogramu ya mhimili mmoja yenye namba za biti 64) yenye mafungu 100 ina nafasi 102 za namba, mbili zikiwa za thamani zilizo nje ya mipaka, nayo haiongezeki hata ukiijaza matukio bilioni. Kinachomaliza kumbukumbu ni idadi ya mafungu: TH3D, yaani ya mihimili mitatu, ya 1000 kwa 1000 kwa 1000 inadai takriban GB 8 hata kabla ya tukio la kwanza. Katika NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za namba, ukiiachia ichague mafungu yenyewe kwa `bins='auto'`, thamani moja potofu iliyo mbali sana na nyingine inaweza kuifanya iombe mafungu yasiyohesabika. Taja mipaka mwenyewe.

“Haianguki tena, basi iko sawa.” Dhana hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu matokeo yake huishia kwenye makala. Mafungu ya ROOT yanahesabiwa kuanzia 1 hadi N. Fungu 0 ni la thamani zilizo chini ya mpaka na N+1 la zilizo juu. Kitanzi kinachoanza 0 na kuishia N−1 hakianguki kamwe, lakini kinaingiza fungu lisilohusika na kuacha la mwisho. Thamani isiyo namba, NaN, nayo haizushi kelele: inatupwa kwenye fungu la juu ya mpaka. Chapisha maudhui ya mafungu hayo mawili kila mara. Na TH1F, aina ya histogramu inayofanana na TH1D, hutumia namba za biti 32, hivyo fungu linalojazwa moja moja husimama kwenye 16,777,216. Ukiongeza 1 hakuna kinachobadilika. Kwa hesabu kubwa, chukua TH1D.