Dhamana haifuti kesi

Kijana kakamatwa Jumatatu kwa tuhuma za kuiba mashine ya boti kule Kibirizi, Kigoma. Alhamisi yuko soko la Mwanga, ananunua mihogo. Mama muuza dagaa anaweka chini kopo la kupimia: “Basi tena, mwendesha mashtaka keshakula.”

Hasira yake naielewa. Mashine ile ililisha nyumba nzima. Lakini alichokiona ni dhamana, na kesi bado iko palepale. Mtu akishafikishwa mahakamani, anayetoa dhamana ni hakimu. Mwendesha mashtaka anaweza kuipinga kwa sababu, basi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana. Wizi wa kawaida unayo.

Aliyeona rushwa ikipita, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo. Ila mimi kinachoniuma zaidi ni shahidi asiyetokea: aliyeiona mashine ikibebwa alfajiri, kisha siku ya kesi akabaki mwaloni akianika dagaa. Hapo mwendesha mashtaka anasimama mbele ya hakimu mikono mitupu.