Matusi si matamshi ya chuki

Nimemsikia tena mtu akieleza programu yake ya "kunasa matamshi ya chuki" kwa Kiswahili. Nikamuuliza inanasaje. Ana orodha ya maneno machafu: neno likionekana, ujumbe unazuiwa. Hicho ni kichujio cha matusi. Kina kazi yake, ila si kazi aliyoitaja.

Maana kwa ufupi: matamshi ya chuki ni maneno yanayochochea watu wabaguliwe, wafukuzwe au wadhuriwe kwa sababu ya kundi lao, iwe kabila, rangi, taifa au dini. Kompyuta hufundishwa kuyatambua kwa kuonyeshwa mifano mingi ambayo watu wameshaisoma na kuitia alama.

Nadhani jina lenyewe ndilo linalotupotosha. Chuki ni hisia, kwa hiyo tunategemea mwenye nayo afoke na atukane. Kumbe kauli inayomwaga damu huweza kutamkwa kwa upole kabisa. Chukua "madoadoa", neno la nguo na sabuni. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya lilitumika kwa majirani wa makabila mengine walioonekana wageni, na likasikika tena katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. "Madoadoa yaondolewe." Tusi liko wapi hapo? Halipo. Itazame sarufi, maana ndiyo inayonitia baridi: watu waliokuwa "hawa" wamegeuka "haya". Kiambishi kimoja tu, na binadamu hayumo tena ndani ya sentensi. Rwanda mwaka 1994 Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Mende si neno chafu. Hata mtoto analiandika shuleni.

Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya iliyaingiza madoadoa na mende katika orodha yake ya maneno ya kuangaliwa. Orodha hiyo humsaidia mtu anayejua muktadha. Ukiipa mashine peke yake, itamzuia hata anayeuliza sabuni gani inatoa madoadoa kwenye shati jeupe.

Mwaka huohuo mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipima Facebook kwa kuwasilisha matangazo ya chuki kuhusu Kenya, kisha yakayaondoa kabla hayajachapishwa. Ya Kiswahili yalikubaliwa moja kwa moja. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, kwa sababu ya kanuni za sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo yakapita, na wito wa kuua watu umo ndani yake. Mlinzi alikuwa macho kwa matusi tu.

Ndiyo maana waliokusanya AfriHate, hazina ya ujumbe katika lugha 15 za Afrika, wameyatenga: chuki ina alama yake, matusi yana yake, na ujumbe usio na moja wala jingine una yake. Anayetia alama ni msemaji wa lugha, anayejua lini doa ni doa na lini ni jirani.

Basi ndugu yangu, kama ulichonacho ni orodha ya maneno machafu, kiite kichujio cha matusi.