Mchangani na ufukweni ni mbali

Mei 2025, siku Brazil walipowafunga Belarus mabao 4-3 kule Ushelisheli, nilikuwa kijiweni nakunywa kahawa. Redio ikatangaza kwamba Wabrazil wametwaa Kombe la Dunia la "soka la mchangani". Kijana aliyekaa kando yangu akaweka kikombe chini. "Kwani mzee, ndondo nayo ina Kombe la Dunia?"

Ndondo ni mpira wetu wa mtaani, kwa hiyo aliuliza kwa moyo safi na swali lake lilikuwa la haki. Neno alilopewa ndilo lililompoteza: kombe lile lilikuwa la soka la ufukweni. Nimelisikia kosa hilo mara nyingi kabla na baada ya siku ile, na safari hii nimeona niliandikie.

Kwanza maana yenyewe, kwa haraka. Kombe la Dunia la soka la ufukweni ni mashindano ya FIFA ya timu za taifa za wanaume, yanayochezwa juu ya mchanga. Fainali huwa na timu 16. Kila timu inaingiza wachezaji watano, kipa akiwamo, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 12 kila kimoja, na saa husimamishwa bao likifungwa au mpira wa adhabu ukitolewa. Uwanja una urefu wa mita 35 hadi 37 na upana wa mita 26 hadi 28. Wanacheza peku. Kuotea hakuna. Mpira wa adhabu hauwekewi ukuta, kwa hiyo kila faulo karibu na lango inanukia bao. Na sare hairuhusiwi: dakika 36 zikiisha bila mshindi zinaongezwa tatu, kisha penalti. Ushindi wa dakika za kawaida ni pointi tatu, wa nyongeza pointi mbili, wa penalti pointi moja.

Sasa tuje kwenye neno.

Kwetu Tanzania "mchangani" ni daraja. Mchezaji akisifiwa kwamba "katoka mchangani", maana yake hakulelewa kwenye akademi wala timu ya vijana ya klabu kubwa. Alianzia mtaani, kwenye kiwanja kisicho na nyasi, labda chenye mlingoti mmoja umeinama, kwenye ligi inayoandaliwa na watu wa kata au na mwenye duka anayetoa mbuzi na seti ya jezi. Huko ndiko kuna ndondo. Wachezaji ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja na sheria ni zilezile za Simba na Yanga. Viatu wanavaa, anayevikosa anaazima. Na mara nyingi mchanga wenyewe haupo: nimeona mechi za mchangani zikichezwa kwenye udongo mwekundu mgumu kama sakafu, na bado kila mtu akaziita za mchangani. Neno limeshaacha kueleza kilicho chini ya nyayo. Linaeleza soka lisilo rasmi, soka la watu wenyewe, na ni neno zuri lenye heshima yake. Nusu ya wachezaji tuliowapenda wametokea huko.

Ndiyo maana linaniuma likipachikwa mahali pasipo pake. Ukiliita soka la ufukweni "la mchangani", umeukosea mchezo wa ufukweni kwa kuufanya uonekane bonanza la wikiendi, na umeikosea ndondo kwa kuinyang'anya jina lake. Mchezaji wa timu ya taifa ya Senegal aliyeucheza mchezo huu tangu utotoni hafanyi mazoezi ya kutafutia nafasi kwenye nyasi. Anacheza mchezo kamili, wenye kitabu chake cha sheria na ufundi wake.

Na ufundi huo unatoka kwenye mchanga wenyewe. Sheria zinataka mchanga wa kina kisichopungua sentimita 40, laini, usio na mawe wala makombe ya baharini. Kwenye mchanga wa namna hiyo mpira hauviringiki. Pasi ya chini unayoipiga ukiwa kwenye nyasi itasimama baada ya hatua mbili, au itagonga kinundu cha mchanga ikageukia usikotaka. Kwa hiyo mpira unanyanyuliwa, unachezwa hewani, unapokelewa kwa kifua na kumaliziwa kabla haujatua. Tiktaka, yaani kujirusha chali na kuupiga mpira hewani, ambayo kwenye ligi yetu ikipigwa mara moja inazungumzwa mwezi mzima, kule ni zana ya kila siku, maana anayeanguka chali anaangukia mchanga. Mpigaji wa adhabu hupiga magoti akajenga kichuguu kidogo cha mchanga, akaupandisha mpira juu yake, ndipo akarudi nyuma. Ndani ya uwanja hamna mistari, maana mchanga hauchoreki: katikati panaonyeshwa na bendera nyekundu pembeni, na eneo la penalti na bendera za njano. Mchezaji wa mchangani, yule wetu wa mtaani, akiingizwa humo atashangaa kama mgeni mwingine yeyote.

"Ufukweni" basi. Ufukwe ni ule mchanga ulio kando ya maji, ya bahari au ya ziwa, na wingi wake ni fukwe. Wakenya wengi husema ufuo, na soka lenyewe wakaliita la ufuoni. Ni sawa, sina ugomvi na hilo. Vijana wa Dar es Salaam husema bichi, nalo tunaelewana. Wapo wanaosema "soka la pwani", na hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu pwani ni neno lenye historia ndani yake. Limetokana na kupwa: maji ya bahari hujaa na kupwa, na pwani ni pale yanapopwa, pale panapobaki wazi maji yakirudi nyuma. Baadaye likapanuka hadi kuwa ukanda mzima wa nchi unaopakana na bahari, hata likawa jina la mkoa Tanzania na la mkoa wa zamani Kenya. Kwa hiyo "soka la pwani" ni soka la Tanga, Mombasa na Lamu, liwe la nyasi, la lami au la sakafuni. Ufukwe ni mwembamba zaidi. Unataja mchanga na maji, basi.

Msomaji makini ataniuliza: mbona hata ufukweni kwenyewe wakati mwingine hawachezi? Ni kweli, na hapa ndipo penye utamu. Mchezo ulizaliwa ufukweni kwelikweli, Brazil, ambako watu walikuwa wakicheza juu ya mchanga kando ya bahari miaka mingi kabla sheria hazijaandikwa mwaka 1992. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika 1995 Copacabana, Rio de Janeiro, na Zico na Júnior, waliokuwa wamestaafu soka la kimataifa la nyasi, waliichezea Brazil. Lakini mwaka 2019 FIFA ilipeleka kombe Paragwai, nchi isiyo na bahari hata kidogo. Mwaka 2021 likaenda Moscow, ambako kutoka uwanjani hadi bahari yoyote ni safari ya mamia ya kilomita. Mchanga ulimwagwa, majukwaa yakajengwa, mpira ukachezwa. Jina likabaki la ufukweni, kwa sababu jina linashika asili ya mchezo hata pale kiwanja kinapohama.

Waparagwai walipata jina linalonipendeza kuliko yote. Uwanja wa mji wa Luque uliotumika mwaka 2019 unaitwa Los Pynandi, na ndivyo inavyoitwa pia timu yao ya taifa ya ufukweni. Pynandi ni neno la Kiguarani, maana yake watu wanaotembea peku. Hawakuwa na bahari ya kuitaja, wakataja miguu. Kama ningepewa nafasi ya kulibatiza upya soka hili kwa Kiswahili ningeangalia upande huo huo, soka la peku. Lakini "ufukweni" limeshakaa, TFF, shirikisho letu la soka, wanalitumia, na neno lililokaa vizuri halina sababu ya kuhamishwa.

Kosa la pili ni dogo, nalo linahusu hesabu. Utasikia Brazil wametwaa kombe hili mara saba, kesho utasikia mara 16, na watu wanagombana bure. Kuanzia 1995 hadi 2004 yalikuwapo mashindano ya dunia ya kila mwaka ambayo hayakuwa ya FIFA. Yalifanyika mara kumi, Brazil wakachukua tisa, na Ureno wakapenya 2001. FIFA ilianza la kwake 2005, Copacabana, na waliolibeba ni Ufaransa chini ya kocha Eric Cantona, waliowatoa Ureno kwa penalti. Brazil wakatwaa manne mfululizo kuanzia 2006 hadi 2009, kisha 2017, kisha 2024 Dubai, na hilo la 2025. Hayo ni saba. Jumlisha tisa ya kale, unapata 16. Hesabu zote mbili ni sahihi, ili mradi useme unahesabu kuanzia wapi. Urusi wana matatu ya FIFA (2011, 2013 na 2021), Ureno mawili (2015 na 2019). Tangu baada ya 2009 mashindano hayafanyiki tena kila mwaka. Ukimsikia mtu anasema "Brazil mabingwa mara saba wa dunia" bila kusema mchezo gani, mkumbushe kwa upole kwamba kwenye nyasi wana matano.

Na kwa nini tulijali zaidi mwaka 2025? Kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali hizi kuchezwa Afrika, tena kwenye Bahari ya Hindi hii hii yetu. Senegal walifika nusu fainali, kama walivyofanya Moscow 2021. Hao ndio wafalme wa mchezo huu barani. Mauritania walikuwapo kwa mara ya kwanza. Majirani zetu Msumbiji walishafika 2021, na Madagaska 2015 baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka huo huo, ulipochezwa hukohuko Ushelisheli. Hata Madjer, Mreno aliyetisha kuliko washambuliaji wote wa mchezo huu, alizaliwa Luanda, Angola, na jina hilo ni la utani, alilopewa kwa kufananishwa na Rabah Madjer wa Algeria. Afrika imo ndani ya mchezo huu tangu zamani.

Tanzania tulicheza fainali za Afrika 2018 Sharm el-Sheikh na 2021 Saly, Senegal, ambako Uganda nao walikuwapo. Kombe la Dunia bado hatujafika. Mlango wa kuingilia ni finyu: kwa kawaida Afrika hupewa nafasi mbili tu, za wanaofika fainali ya bara. Lakini ufukwe tunao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba, na watoto wanaocheza peku jioni maji yakipwa hawahitaji kutafutwa.

Kijana wa kijiweni nilimjibu hivi: ndondo haina Kombe la Dunia, mwanangu, hii ni ya ufukweni, watano kwa watano, bila viatu. Akafikiri. "Kumbe ule wa Coco Beach?" Nikamwambia unafanana nao, ila wa Coco hauna refa wala vipindi vitatu. Akacheka, akaagiza kahawa nyingine. Dakika kumi baadaye rafiki yake alipofika na kuuliza matokeo, nilimsikia akisema, "Brazil wamebeba. La ufukweni, lakini."